Muhogo Kwenye Mfuko wa Bastola

Mimi ndiye mkubwa kwetu. Wazazi walipofariki niliacha shule nilee wadogo zangu, na kazi yoyote halali naishika. Juzi juzi nilipata ya kumbebea mizigo mzee mmoja wa Biharamulo, mwindaji mwenye kibali. Aliahidi nikimfaa atanichukua msimu mzima.

Alikuwa na bunduki, na kiunoni bastola ya akiba. Baada ya ugali wa mchana mkanda ukambana tumbo, akanivalisha mimi.

"Usikae mbali nami, kijana. Bunduki ikigoma, hiyo ndiyo roho yetu."

Jamani, niliogopa. Kila nikipiga hatua naona paja langu linatobolewa, na kule nyumbani nani atawapikia? Nikazunguka nyuma ya gari tulilokuja nalo, nikaificha bastola chini ya kiti. Mfuko wake pale mkandani ukanywea, basi nikachomeka muhogo wangu wa kuchoma, nikafunga kifuniko. Ulikaa vizuri mno! Nikaingia porini kifua mbele kama askari.

Hatukufika mbali, ngiri akatoka kichakani na kutujia mbio. Mzee akafyatua, bunduki ikagoma.

"Bastola!"

Hakunisubiri. Akaichomoa mwenyewe kiunoni mwangu, akalenga, akabana kwa nguvu zote.

Muhogo ukavunjika. Ngiri akatupita, akatokomea shimoni kwake.

Mzee akakitazama kipande kilichobaki mkononi.

"Hii nini?"

Nilitafuta neno lolote la kujitetea. Lililokuja ni, "Shikamoo, mzee," na tulikuwa tumesalimiana tangu asubuhi.