Bikoni ya Kulwa

Juzi, ofisi ya ardhi, nilioneshwa ramani za mji wetu zilivyofuatana kadiri ulivyokua. Katika ya kwanza, kwetu Nyasubi ni mashamba. Katika ya mwisho, barabara imepita juu ya kaburi la Kulwa, pacha wangu. Ilipochongwa tulikuwa tumeshahamia Masumbwe, na kwa kuwa kaburi halikuandikwa kwenye ramani yoyote, hakuna aliyemhamisha.

Mchana mmoja wa utotoni wangu, wapima ardhi walisimika bikoni kando ya kaburi hilo. Saruji mbichi ilinukia uani kote. Sikujua kuwa bikoni ni alama ya mpaka wa kiwanja. Nilijua tu kwamba makaburi ya wenye uwezo ndiyo huwekwa saruji.

"Shikamoo, babu. Asante kwa kumjengea Kulwa," nilimwambia mpimaji mkuu.

"Marahaba. Kulwa yupi?"

"Huyo hapo chini. Mimi ndiye Doto."

Akamgeukia mama. "Mama Kulwa, hapa kuna kaburi na umenyamaza?"

Mama aliacha kupepeta karanga. "Ukiliandika watamhamisha, baba. Niachie mwanangu."

Mzee aliitazama karatasi yake, kisha akachomeka penseli nyuma ya sikio bila kuandika. Mama akamjazia karanga kofiani, akamshukuru hadi mzee wa watu akaona haya.