Herufi Moja ya Kufuli

Nilimwonea wivu tangu wiki ya kwanza, nisidanganye. Miaka sita mimi peke yangu ndiye niliyekuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ya ushirika wetu wa wakulima, pale Kizwite. Akaja binti kutoka Mbeya, mdogo kwangu, mpole, na ghafla printa ikikwama utasikia, "Mwiteni yule dada." Yule dada, yule dada! Kwani mimi nimekufa?

Mwenyekiti wa ushirika akataka tovuti yetu iwe na alama ya kufuli, ili wakulima wa Mpui na Mwimbi wakijaza taarifa zao kwenye simu, mtu asizidukue njiani. Akasema kazi ikiisha Ijumaa atateua mkuu wa kitengo chetu. Kitengo chenyewe watu wawili. Nikajua ni mimi au yeye.

Kompyuta yetu ni ya zamani, programu zilizo tayari haizitaki. Ikabidi tujenge ya kwetu kutoka kwenye msimbo, maandishi yenyewe ya programu, kama mtu anayeacha unga wa dukani akasaga mwenyewe. Yeye akaandaa maktaba ya usimbaji, yaani ile sehemu inayoficha taarifa, akaiweka kwenye folda aliyoiita kufuli. Kazi yangu ilikuwa kujenga seva, programu inayowafikishia watu tovuti, na kuielekeza kwenye folda hiyo.

Ikagoma. Kila nikiiamuru inanijibu kwamba maktaba ya usimbaji haionekani. Jumatano ikagoma, Alhamisi ikagoma. Nilifuta nikaanza upya, nikabadilisha toleo, nikazima mashine nikaiwasha. Kumuuliza yeye? Thubutu! Tena moyoni nilifurahi kidogo, maana kama maktaba haionekani, basi aliyeiandaa kaharibu. Ijumaa asubuhi nikaenda kumshtaki kwa mwenyekiti.

Mwenyekiti akaja naye hadi mezani kwangu.

"Shikamoo kaka," binti akanisalimia, utadhani sijamsema. "Hebu nisomee ulichoandika."

Nikasoma kwa madaha mpaka neno la mwisho: "...kufuri."

"Kufuri?"

"Kufuri, ndiyo! La mlangoni kwenu mnaliitaje?"

"Si kasema kufuri?" mwenyekiti akadakia. Yeye Mfipa kama mimi, ulimi wetu mmoja, hakusikia kasoro yoyote.

Binti akainama, akafuta herufi moja, akaweka l palipokuwa na r. Akaamuru. Mistari ikateremka kwenye kioo, safari hii bila kusimama, na baada ya robo saa kufuli likatokea kwenye anwani ya tovuti yetu. Masikio yalikuwa yananiwaka.

"Kumbe ilikuwa nini?" mwenyekiti akauliza.

"Herufi moja tu, baba. Jina la folda."

"Folda si yako? Siku nyingine uwe makini, binti yangu."

Binti akanitazama. Alinipa nafasi ya kusema, naapa alinipa. Nikajifanya natafuta waya chini ya meza.

"Sawa, baba," akasema.

Mchana huohuo nikatangazwa mkuu wa kitengo. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipa mkono. "Hongera, kaka." Nilimchunguza usoni nikitafuta kejeli, walau kidogo tu, nipate sababu ya kumchukia. Sikuiona. Cheo nimekipata mimi, na hadi leo bado ni yeye ninayemwonea wivu.