Shikamoo ya Katikati ya Lami

Kudra hakai. Kigoda chake kipo, nyuma ya ndoo za vitunguu pale njia panda ya Mkiwa, lakini wauzaji wa meza za jirani husema kuku hukikalia zaidi kuliko mwenyewe. Mteja akiwa bado anachagua, Kudra ameshasimama, sikio liko barabarani. Lori la upande wa Manyoni hulijua kwa mlio kabla halijaonekana. La upande wa Itigi huja kimya, likitokea kwenye kona, na hilo ndilo analoliogopa.

Huu ni mwaka wa pili anavusha watoto wa shule ya msingi. Hakuna aliyemtuma. Mtoto wa darasa la tatu aligongwa mbele ya meza yake, akapona na mguu mmoja mfupi, na tangu siku ile Kudra hawezi kumpimia mtu kitunguu huku miguu midogo inapita nyuma yake. Mwalimu Peniel, mkuu wa shule, alimpatia kibendera chekundu na kizibao kinachong'aa. Gaspari wa bodaboda akampatia cheo: Afande Kitunguu.

Asubuhi huvusha arobaini na mmoja, na mchana huwahesabu upya wakirudi. Malori yalimsumbua, lakini kilichomsumbua zaidi ni adabu. Mtoto wa Mkiwa amefundishwa kwamba mkubwa hasalimiwi huku unatembea. Unasimama, wa kike anapiga goti kidogo, unatoa shikamoo, na huondoki mpaka uitikiwe. Na wakubwa nao huvuka barabara. Siku moja Kudra aliwakuta wasichana wawili wamesimama juu ya mstari mweupe wanamwamkia bibi mwenye mkongojo, na bibi ameanza kuwauliza habari za nyumbani. Kesho yake akatoa amri: kwenye lami hakuna shikamoo, hata kwake. Vuka kwanza.

Amri hiyo ilimfikia vibaya Mzee Alute, mjumbe wa kamati ya shule. Mara tatu alipishana na watoto barabarani, na mara tatu walimpita kama mti. Mara ya tatu mmoja wao alikuwa mjukuu wake, Eliana wa darasa la pili. Mzee hakufoka. Alimkanya mtoto nyumbani, kisha akaenda kwa Mwalimu Peniel na kusema, kwa upole, kwamba muuza vitunguu anafundisha utovu wa adabu, na Alhamisi kamati ikikaa ataomba kibendera kirudishwe.

Kudra aliposikia alikwenda kwa mzee jioni ileile, akamwamkia, akaeleza moja baada ya jingine. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," alisema, "mtoto asiyemwona mkubwa, hata lori hataliona."

Kudra aliaga, akaondoka. Neno lile lilimchoma njia nzima, kwa sababu lilikuwa limekaa vizuri na halikuwa kweli.

Alhamisi asubuhi Mzee Alute alikuja mwenyewe. Alisimama ng'ambo, upande wa shule, kofia mkononi, aone kwa macho yake nani atampita.

"Afande, leo unakaguliwa," Gaspari alisema.

Kudra hakucheka. Aliinua kibendera, gari dogo la kutoka Singida likasimama, kundi la kwanza likavuka. La pili lilikuwa na Eliana. Alipofika katikati alimwona babu yake, akasimama, akapiga goti, begi likamteleza begani.

"Shikamoo babu."

Lori la Itigi likatokea kwenye kona. Mzee aliliona. Mdomo ulifunguka, marahaba haikutoka. Na mtoto akabaki ameinama, akisubiri kuitikiwa, kama alivyofundishwa na mzee yuleyule.

Kudra alitupa kibendera, akamkamata kwa mkanda wa begi, akamburuta. Breki zililia, tela likayumba, lori likasimama mita kadhaa baada ya kupita pale mtoto alipokuwa. Kiatu kimoja cha Eliana kilibaki kwenye lami. Yeye alikuwa ng'ambo, mguu mtupu, mbele ya babu yake.

"Shikamoo babu," alirudia, maana alikuwa hajaitikiwa.

"Marahaba," mzee alisema.

Mchana kamati ilikaa. Mwenyekiti alipomwuliza Mzee Alute kama ana hoja, alijibu kwamba hana.

Ijumaa asubuhi alikuwapo tena, mahali palepale. Kudra alipomwona, kundi la kwanza lilikuwa tayari linasogea. Ndipo mzee alipogeuka, akaipa barabara mgongo. Mkiwa nzima inajua kumpa mtu mgongo ni kumtukana, na Gaspari alitaka kujua ni nani aliyemkosea mzee asubuhi yote ile. Mzee hakugeuka mpaka mtoto wa mwisho alipovuka mtaro wa kando ya lami. Hapo akazipokea shikamoo zake, moja moja, bila haraka.

"Mzee, unatupa mgongo?" Kudra aliuliza.

"Wakiniona uso watasimama."

Kudra alirudi kwenye vitunguu, akamfukuza kuku, akashika kigoda. Hakukikalia. Upande wa Itigi kulikuwa kimya.