Kifua cha Mkwe

Niliondoka Iyula kwa sababu moja: mjukuu wangu alihitaji kifua. Binti yangu Atupele ameolewa Mkwajuni, mumewe Wistoni ni mchimbaji wa dhahabu. Alinipigia simu, sauti iko chini kabisa. "Mama, mtoto amewahi. Ni njiti. Manesi wanasema abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, asipoe. Mimi damu imenitoka nyingi, siwezi hata kukaa. Wistoni yuko machimboni, simu yake haipatikani." Nikamwambia nakuja, nikakata. Kulia kungemaliza salio lake.

Mtoto wao wa kwanza tulimzika. Tulimwombea sana, ninyi wenzangu wa maombi ya Jumatano mnajua, na bado tukamzika. Sijui kwa nini. Mchungaji naye alisema hajui, nikamheshimu kwa hilo. Kwa hiyo sikuondoka kama mtu aliyehakikishiwa kitu. Niliacha palizi katikati ya shamba, nikafunga kanga mbili na unga wa ulezi, basi.

Asubuhi, mteremkoni. Kuna barabara kubwa inayozungukia Mbalizi, nikaona itanichelewesha, nikachukua pikipiki ya kushuka Galula. Dereva ni mtu mzima mwenye familia, anaitwa Lwitiko, ambayo kwa Kindali ni imani. Nikaona ni dalili njema. Juu kwetu ni baridi na migomba. Ukishuka bondeni joto linakupiga usoni kama umefunua sufuria. Nilivua sweta nikalikalia. Njia nzima naomba neno moja tu, Bwana fungua njia.

Mchana, mbele ya Galula, njia imefungwa. Korongo ambalo kiangazi unalivuka bila kulowa viatu lilikuwa limejaa maji ya udongo, yanabeba magogo. Lwitiko akazima pikipiki.

"Vuka," nikamwambia.

"Bibi, haya maji hayavukiki."

"Unaitwa imani, halafu unaogopa maji?"

"Jina nilipewa na baba. Pikipiki ni ya bosi wangu wa Vwawa."

Waliokuwa wamekwama pale wakacheka. Mimi sikucheka. Nikakunja kanga nikaingia mwenyewe. Maji yalipofika magotini yakanipokonya ndala moja, ikaenda. Lwitiko akanikamata mkono akanivuta nje bila adabu yoyote, na leo namshukuru.

Jioni, Galula. Tulirudi nyuma, nikapokelewa na Mama Eda, mjane wa kanisa jingine, siyo letu. Simu haikushika mtandao. Akanipikia ugali wa mtama na samaki. Nikamweleza yote, nikamwambia mjukuu wangu atapoa kwa sababu kifua chake kimekaa Galula kinakula samaki.

Mama Eda akaacha kula. "Wamesema anahitaji kifua?"

"Ndiyo."

"Wamesema kifua chako?"

Nikarudisha tonge sahanini. Mimi si mtu wa kunyamazishwa, mnanijua. Tukaomba. Nimezoea kumpangia Mungu ratiba, lakini jioni ile nilisema machache: "Bwana, mimi siko pale. Wewe uko." Hofu haikuondoka, ila ilikaa chini.

Kulipokucha maji yalikuwa yamepungua. Tukavuka, Lwitiko akisukuma pikipiki, mimi na ndala za kuazima mkononi.

Mkwajuni, hospitali. Hapa lazima niwaeleze vijana wenu waliokulia mjini. Sisi tulilelewa kwamba mama mkwe na mkwe wa kiume hawasogeleani. Akiniona njiani ananipisha. Hatutazamani usoni, hatuli pamoja. Tangu amwoe Atupele, mimi na Wistoni hatujawahi kuvuka salamu. Basi nikaingia wodini. Atupele amelala, ametundikiwa dripu. Kwenye kiti pembeni yake amekaa Wistoni, hana shati, amejifunga kitenge cha mkewe, na juu ya kitenge kinachungulia kikofia cha sufu, kidogo kama chungwa.

Alitaka kukimbia. Hakuweza, mtoto alikuwa amelala. Akageuza uso ukutani. Mimi nikaangalia ndoo iliyokuwa chini ya kitanda.

"Atupele," akauambia ukuta, "mwambie mama sikuwa na jinsi."

"Mama anakusikia," Atupele akasema. "Yuko hapo hapo."

Nesi akapita na trei yake. "Huyu baba alifika jana jioni na vumbi lote la machimboni. Tukamwambia aoge, avue shati. Wenzake wamekuja kumcheka, hakuinuka."

Nikaacha ndoo, nikatazama. Kilikuwa kifua cha mchimbaji, kina makovu, na juu yake kile kikofia kinapanda na kushuka. Mtoto anapumua. Nilikuwa namwomba Mungu avushe kifua changu, na yeye alishaweka kingine ng'ambo, kile ambacho mila ilinikataza kukitazama.

"Kaa hivyo hivyo, Wistoni," nikamwambia. Sikuwahi kumwita jina. "Ukichoka, nipe."

"Sijachoka, mama."

Mwongo. Macho yalikuwa mekundu kama ya mpika pombe. Baadaye alinipa, tukaanza kupokezana, mikono yetu ikigusana kila mara na hakuna aliyekufa. Tukaendelea hivyo mpaka mtoto akaongezeka uzito, na mama yake akaweza kukaa na kumbeba.

Kurudi. Wistoni alinisindikiza hadi korongoni. Lilikuwa mchanga mtupu. Amevaa shati, amefunga vifungo mpaka shingoni, anatembea mbele, uso kando. Heshima imerudi mahali pake, sikuizuia. Nilipopanda pikipiki akaniaga bila kugeuka, na mimi nikamjibu kwa jina lake.

Mnaniuliza nimejifunza nini. Siwaambii kwamba ukiomba mtoto anapona. Nimezika, siwezi kusema hivyo. Nawaambia kwamba Mungu haongoji ninyi mfike ndipo aingie mlangoni. Jumatano mkimwomba awafikishe, ombeni pia kwa ajili ya ile saa ambayo hamtafika.