Shemeji aliyeuliza kibla ndani ya gemu (na kwa nini nachukia skrini zilizojaa madude)

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlio kazini mnasoma kwa kuiba na mlio nyumbani mmejinyoosha.

Nimesoma ule uzi wa juzi, wa jamaa aliyelalamika kwamba magemu ya siku hizi skrini imejaa alama mpaka mchezaji haoni anakokwenda. Nilitaka kujibu palepale, nikaona jibu langu ni refu. Nimelifungulia uzi wake.

Haya yalinipata mimi mwenyewe, Mombasa kisiwani, miaka ya tisini. Sikuhadithiwa. Mkiona pahala nimecheka, jueni siku ile sikucheka.

Nianze na mimi nilikuwa nani. Shule niliiachia njiani. Kukaa kitako nilikuwa siwezi, leo nataka kuwa rubani, kesho nataka kutengeneza magemu, kesho kutwa nafikiria yote mawili kwa pamoja. Mwishowe nikapata kazi Bondeni, kwenye duka la Ammi Hemed.

Mbele palikuwa pa kukodisha kanda za filamu za Kihindi. Nyuma palikuwa na chumba kidogo, pazia, feni, na kompyuta moja aliyoletewa na nduguye kutoka Dubai.

Ndani ya ile kompyuta mlikuwa na gemu moja kubwa. Si ya kupigana halafu imekwisha. Unapewa mtu wako, unaachwa kwenye nchi nzima, misitu, miji, mito, uende utakako. Mimi nilikuwa naota ile nchi hata nikiwa naoga.

Ila skrini yake, wakuu, jamani!

Chini chupa tatu za rangi, moja ya damu, moja ya nguvu, moja ya uchawi. Kushoto vipicha vya mifuko, panga, ngao na mikate. Kulia sura za watu wanne wanaokukodolea macho. Juu maandishi ya Kiingereza yanapita mbio. Pembeni dira, chini ya dira ramani, chini ya ramani saa ya mchanga. Dunia yenyewe ilibaki katikati, kidirisha kama cha choo.

Sisi vijana tulizoea. Tuliona ndiyo utaalamu wenyewe.

Sasa nije kwa shemeji.

Dada yangu Mwanaisha aliolewa na Athumani, mtu wa upande wa Kwale, kuli wa bandarini, mcheshi ajabu. Wakikaa Buxton. Siku moja mzigo uliyumba kwenye kamba ukampiga kichwa. Mwili ulipona. Ila kilibaki kitu ambacho hata daktari alikieleza kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno: vitu vingi vikimjia kwa pamoja, shemeji anapotea. Honi, watu, mabango, rangi, vyote vinaingia kichwani mara moja na hakuna kinachotoka.

Alikwenda Marikiti kununua samaki akashindwa kurudi. Aliletwa nyumbani ameshikwa mkono kama mtoto. Toka siku hiyo hakutoka tena. Pazia limefungwa, mtu amekaa.

Nduguze wa Kwale walipopata habari wakatuma neno: mwezi ukiandama tunakuja kumchukua, akapumzike shamba.

Kwa wema tu, lakini dada alijua maana yake. Watoto wako shule, yeye hawezi kuhama. Aliniambia huku anakunja nguo ileile mara mbili mbili: "Wakija wakamkuta vile, wamchukua. Na wakimchukua, harudi. Mimi namjua Athumani, akishaona haya hageuki nyuma."

Nilitoka pale. Nilizunguka mtaa, nikarudi, nikazunguka tena. Halafu likanijia wazo, nikaliona la maana sana: shemeji akizoea kutafuta njia kwenye gemu, si atazoea na huku nje?

Nilirudi nikamweleza. Dada alinitazama. "Mtu kaumia kichwa, wewe wataka kumpeleka kwa mavidio?"

"Dada, nipe nafasi tu."

"Wewe na ndoto zako," akasema. Lakini hakunikatalia.

Basi nikamshika shemeji mkono mpaka Bondeni. Njia nzima anatazama viatu vyake. Nikamkalisha, nikawasha mashine, nikangoja afurahi.

Alitazama kidogo tu. Akafumba macho.

"Zima. Zima kitu hini."

"Shemeji, hebu tazama pale kati..."

"Nitazame wapi? Kila pahali paniita!"

Akalaza kichwa juu ya meza. Ammi Hemed akachungulia pazia, akatikisa kichwa. "Mgonjwa ataka kupumzika, wewe wamwingiza harusini kwa watu."

Usiku ule sikupata usingizi, na maneno yaliyonizunguka kichwani yalikuwa yale yale: kila pahali paniita. Nilikuwa nimekaa mbele ya ile skrini siku zote hizo na sikuwahi kugundua kwamba inapiga kelele.

Asubuhi nikachukua maboksi ya kanda zilizoharibika, makasi na gundi ya karatasi. Nikaziba chupa. Nikaziba mifuko na panga. Wale wanne wenye macho niliwaziba kwanza kabla ya wote. Nikaziba ramani, saa, maandishi. Nilipomaliza ilibaki dunia tu, na dira.

Ammi Hemed akaingia akasimama. "Wewe! Kompyuta yangu umeivisha buibui?"

"Ammi, ni ya muda tu."

"Na ninja ya uso juu! Naona mato tu!" Akacheka mpaka akashika mlango.

Ile dira ilikuwa duara lenye herufi nne za Kiingereza, na mshale unaozunguka kuonyesha umeelekea wapi. Shemeji Kiingereza hakukijua. Basi mimi, fundi, nikakata vipande vinne vya karatasi nikabandika juu ya zile herufi kwa Kiswahili safi. Nilijiona kama nimeunda gemu yangu mwenyewe.

Nikamleta tena. Safari hii hakufumba macho. Alishika vitufe taratibu, akaona majani yanapita, akaona mto. Mabega yakashuka. Mara ya kwanza tangu aumie nilimwona mtu anatazama kitu kwa raha.

Ndani ya gemu tukakutana na bibi mmoja muuza maziwa. Nikatafsiri: "Anasema mji uko kaskazini. Fuata K, shemeji."

Nikatoka kwenda mbele kuhudumia wateja.

Kurudi nakuta mtu wake amekufa kwenye matope. Nikamwanzisha upya. Akafa tena matopeni. Mara ya tatu shemeji aliacha vitufe, akaweka kidole juu ya kioo.

"Hini K ni ya nini?"

Nikatazama. "Hiyo... kusini."

"Na hino?"

"Kaskazini."

Wakuu, mmeshaona? Kaskazini K, kusini K. Mashariki M, magharibi M. Nilikuwa nimembandikia mgonjwa wa kupotea dira yenye K mbili na M mbili!

Ammi Hemed alisikia kutoka mbele. "K na K! M na M! Dira hiyo ama bahati nasibu?"

Wateja wakaangua kicheko. Shemeji hakucheka. Alisimama, akasema polepole, "Kumbe hata kwenye mtezo wanipoteza."

Ningepigwa kofi ningeona afadhali.

Ikaadhiniwa alasiri. Ammi Hemed akaona hali ilivyo, akaacha mzaha, akamwambia, "Ndoo tukaswali, Athumani. Huyu mwache na karatasi zake." Wakaenda msikiti wa jirani. Mimi nikabaki natembea ndani ya kile chumba, hatua mbili nagonga ukuta, nageuka. Mwezi ulikuwa karibu kuandama. Nilijiambia nimeharibu, sasa hata kwangu hatakuja tena.

Wakarudi. Shemeji uso bado una maji ya udhu kwenye ndevu. Hakukaa. Alisimama kwenye pazia akauliza:

"Kibla i wapi humu?"

"Humu dukani?"

"Humu ndani ya mtezo wako."

Ammi Hemed akaweka mikono kichwani. "Haya! Sasa jini la kwenye kompyuta latakiwa kuswali!"

"Wewe nionyeshe kibla tu," shemeji akaniambia mimi, hakumjali Ammi.

Nikasimama kama mwizi. Halafu ikaniingia. Kwetu Mombasa, Makka iko kaskazini moja kwa moja. Ukielekea kibla umeelekea kaskazini. Watu wetu wa zamani hata hawasemi kaskazini, wanasema kibla, na kusini wanaita suheli. Na hilo ni jambo shemeji hakulisoma mahali. Alikuwa nalo mwilini, mara tano kila siku, toka utotoni. Ule mzigo wa bandarini haukuligusa.

Nikabandua herufi zote nne. Nikabandika kipande kimoja cha karatasi ya kijani, upande wa juu. Basi.

Shemeji akakaa. "Hapa kibla. Kwa hivyo mgongoni suheli. Kulia jua latoka, kushoto latua." Akapumua. "Bibi wa maziwa alisema mji uko wapi?"

"Kibla."

Akaenda. Hakuniuliza tena. Alipita msitu, akazunguka kilima, akapoteza njia kidogo, akatazama kile kipande cha kijani, akajirudi. Lango la mji lilipotokea hakuruka wala hakupiga kelele. Alisema tu, "Tumefika," kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo.

Tukaendelea hivyo siku kadhaa. Mimi namleta, mimi namrudisha. Mpaka siku moja tulipotoka dukani akavuta mkono wake.

"Leo usinishike. Nyumba yangu kutoka hapa i kibla, sivyo?"

"Ndiyo, halafu mwisho wa safari unakata upande wa jua kutua. Lakini shemeji..."

Alishaondoka.

Nilimfuata kwa mbali. Wakuu, sijawahi kutembea vibaya kama siku ile. Nakimbia, nasimama, najificha nyuma ya mkokoteni wa madafu. Barabara ilikuwa imechangamka kweli: honi, kaseti zinalia madukani, mabango kila ukuta, mtu anauza maembe usoni kwako. Ile skrini yangu ya kwanza kabisa, kabla sijaivisha buibui.

Kwenye njia panda shemeji akasimama. Nikaona mabega yanapanda. Watu wanampita, mmoja akamgonga na kikapu. Nilitaka kumrukia.

Akainua kichwa. Alikuwa anatafuta kitu juu ya vichwa vya watu. Nikafuata macho yake nikaona anatazama ukuta wa msikiti.

Walio pwani mnajua. Mihrabu ya msikiti, pale anaposimama imamu, hutokeza nje, ule ukuta wa kibla unafanya tumbo. Nilipita pale kila siku ya maisha yangu na sikuwahi kufikiri kwamba lile tumbo ni mshale. Shemeji aliliona, akageuza mwili wake ukalingana nalo, akaendelea. Msikiti mwingine mbele, akatazama tena. Bondeni misikiti haikosi.

Mara moja aliingia uchochoro si wake. Nilijiziba mdomo kwa mkono. Akakawia humo, akatoka, akarudi mpaka kwenye kona ya msikiti, akaanza upya. Hakuna aliyemwambia.

Alifika Buxton jasho limemlowesha shati. Dada alikuwa anaanika nguo. Alimwona mume wake peke yake, kanga ikamdondoka mkononi.

"Athumani? Mwenzio yuko wapi?"

"Yuko nyuma ya ule mti, ajificha kama mwizi wa kuku. Mwambie aje anywe chai."

Mwezi ukaandama. Nduguze wakatuma neno kwamba wanavuka Likoni. Shemeji akavaa kanzu akasema anakwenda kuwapokea kivukoni. Dada alimkataza, hakusikia. Akaenda. Ni mbali, na kote huko ni suheli.

Dada alipanga vikombe, akavipangua, akavipanga. Mimi nilikuwa mlangoni, mara dirishani, mara mlangoni. Tulikaa hivyo hadi tukasikia kicheko cha wanaume uwanjani.

Shemeji yuko mbele, kaka zake wawili nyuma yake wanahema.

Wakanywa kahawa. Kaka mkubwa akakohoa, akasema, "Athumani, kwa kweli sisi tumekuja kukuchukua."

Shemeji akamtazama. "Ni mimi niliyekuja kuwachukua. Mlikuwa mwasimama pale kivukoni mwauliza kila mtu Buxton ni wapi."

Dada aliingia jikoni upesi. Sote tulijua anakwenda kulia, tukajifanya tunaongea.

Hakwenda shamba. Sitawadanganya kwamba alipona akawa kama zamani. Bandarini hakurudi, na hadi leo makelele yanamchosha, harusini anakaa nje. Lakini anatoka na anarudi.

Na mimi gemu sikuunda, rubani sikuwa. Ila kila nikiona mpwa wangu anacheza haya ya kisasa, alama kumi zinamwita kwa pamoja, mkono unaniwasha kutafuta boksi na gundi.

Nilichojifunza ni hiki, nawaachia mnaoumba vitu vya kwenye skrini, maana humu najua mpo. Kabla ya kumwekea mtu alama yako, muulize anakuja na nini. Huenda anayo dira yake tayari, na alama zako zote zinafanya kazi ya kuificha isionekane.

Haya, uwanja ni wenu. Nani mwingine humu aliwahi kuziba skrini kwa karatasi? Na nyie wa bara, bila simu mkononi, kaskazini mnaijuaje? Nauliza kwa dhati, shemeji amekaa hapa pembeni yangu anangoja majibu yenu nimsomee.