Barua Isiyosema Ndiyo

Kuna kazi za jasho na kuna kazi za kadi, na binti wa fundi cherehani alikuwa na kazi ya kadi. Katika idara ya itifaki ya serikali, yeye ndiye aliyepanga mgeni gani aketi wapi, bendera gani itangulie, na nani na nani wasiwekwe meza moja kwa sababu mwaka juzi walirushiana maneno. Kwa miaka tisa alizipanga kadi zile nyeupe zenye majina ya wakubwa, akazipanga upya waziri alipougua ghafla, akazipanga tena waziri alipopona ghafla zaidi. Wenzake walimwita Itifaki, na jina likamganda mpaka nyumbani.

Lakini kumpangia mtu kiti si sawa na kukikalia. Kila mara wageni walipokwisha kuketi, mlango ulifungwa, na Itifaki akabaki koridoni na kadi za akiba mkononi, akisikia vicheko na kukohoa tu. Alitaka kujua huko ndani wanasema nini hasa. Kusema kweli, alitaka siku moja aingie na mlango ufungwe nyuma yake. Ndiyo maana, akiwa na miaka thelathini na mitatu, aliomba kusoma shahada ya uzamili ya uhusiano wa kimataifa. Alituma maombi vyuo vitano bila kumwambia mtu isipokuwa shangazi yake, maana yake aliwaambia watu wote.

Kuomba kwenyewe kulikuwa kichekesho. Vyuo vilitaka ajieleze kwa ukurasa mmoja: yeye ni nani na anataka nini. Itifaki akaandika ukurasa mzima bila kutumia neno "mimi" hata mara moja, akajiona mwenye adabu. Mkuu wake, mzee nadhifu aliyekuwa akipiga pasi hata leso, akamwandikia barua ya mapendekezo: "Mwombaji anafahamika na ofisi hii, na ofisi hii haina pingamizi na sifa zake." Mtu mwingine angelia. Itifaki alifurahi siku nzima, kwa sababu katika idara ile kukosa pingamizi ni sawa na kupigiwa vigelegele.

Vyuo viwili vikamkataa. Cha tatu kiko kimya hadi leo. Viwili vilivyobaki vikamkubali ndani ya wiki moja, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Jumapili baada ya chakula cha mchana aliziweka barua mbili mezani, mbele ya baba yake na shangazi. Chuo cha kwanza kilikuwa mbali, safari ya ndege mbili na baridi ya kutosha. Miaka miwili ya masomo, gharama zote juu yao, na walimu waliowahi kukaa katika mazungumzo yenyewe ya mataifa. Cha pili kilikuwa pale pale mjini, dakika ishirini kwa miguu, masomo ya jioni. Angebaki na kazi yake, angebaki na chumba chake, na angebaki na baba yake.

"Mbona hii ya mbali umeiweka kulia?" shangazi akauliza. Alikuwa amekaa na watu wa itifaki vya kutosha kujua kwamba kulia ndiko kwa mgeni wa heshima.

"Nimefuata alfabeti tu, shangazi."

"Alfabeti! Mwongo mkubwa wewe. Kaka, umemsikia mwanao?"

Fundi alikuwa akichokonoa meno kwa utulivu. "Mimi msiniulize. Mimi ni mtu wa suruali."

Hilo ndilo jibu lililomkera Itifaki. Tangu mama afariki, miaka minane iliyopita, nyumba ile ilikuwa ya watu wawili na redio moja. Kila jioni walikula pamoja wakisikiliza taarifa ya habari, na kila jioni waligombana. Baba aliwaita mabalozi wote wapiga domo, binti akawatetea kana kwamba wanamlipa. Angeondoka, mzee angegombana na nani? Lakini asingeondoka, je? Angezeeka koridoni. Alimtaka baba amwambie nenda, au amwambie kaa, na baba akazungumza habari za suruali.

Vyuo vyote vilitaka jibu kabla ya Ijumaa. Alhamisi, baada ya kazi, Itifaki akabaki mezani kwake ofisini akaandika majibu mawili. Sasa hapa inabidi msomaji ajue desturi ya idara ile. Tangu ianzishwe, haijawahi kutoa barua yenye neno "ndiyo" wala "hapana". Mkubwa akialikwa mahali na akakubali, huandikwa kwamba mwaliko umepokelewa kwa furaha kubwa na maandalizi yatazingatiwa. Akikataa, huandikwa kwamba mwaliko unapewa uzito unaostahili na uhusiano uliopo utaendelea kuthaminiwa. Wenye kazi yao husoma na kuelewa, na hakuna anayeumia.

Basi Itifaki alikiandikia chuo cha mbali kwamba nafasi yao imepokelewa kwa furaha kubwa na maandalizi yatazingatiwa. Chuo cha jirani akakiambia kwamba nafasi yao inapewa uzito unaostahili. Akazituma barua zote mbili, akavuta pumzi, akaenda nyumbani akijiona amekata shauri kama mwanamume, kama shangazi alivyopenda kusema.

Jumanne majibu yakaja. Chuo cha jirani kilikuwa na furaha isiyo kifani. Kilimshukuru kwa kuipa nafasi yake uzito unaostahili, jambo ambalo waombaji wachache hulifanya siku hizi, na tayari kilikuwa kimemsajili na kumpa namba ya uanafunzi. Chuo cha mbali kiliandika kwa masikitiko: hawakuona popote kwamba amekubali, tarehe imepita, wanamtakia kila la heri. Kama wamekosea, apige simu kesho kabla ya saa kumi alasiri, la sivyo nafasi atapewa mwingine.

Itifaki alichemka. Watu wanafundisha uhusiano wa kimataifa na hawajui kusoma barua! Lakini katikati ya hasira zile alijikuta ametulia. Kumbe angebaki, na wala si yeye aliyeamua kubaki. Utulivu ule ulimtisha kuliko barua yenyewe.

Siku ya pili akaomba ruhusa, akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha baba cha ushonaji. Shangazi alikuwepo, amekuja kufuatilia gauni lililoahidiwa tangu wiki iliyopita. Itifaki akamwaga yote: chuo kile, chuo hiki, furaha kubwa, uzito unaostahili. Fundi akasimamisha cherehani. Akaomba kuona nakala za zile barua, akazisoma polepole, moja kwenye goti hili na nyingine kwenye goti lile.

"Ipi kati ya hizi ndiyo ya kukubali?"

"Hiyo ya kushoto, baba. Iko wazi kabisa."

"Kwako iko wazi." Akavua miwani. "Mteja akija hapa akaniambia suruali yangu anaipa uzito unaostahili, mimi namrudishia kitambaa chake. Mama, hawa watu hawajakosea. Hizi barua zote mbili kaziandika mtu anayetaka mwingine amwamulie."

"Si kweli."

"Ni kweli. Na Jumapili mimi nilikufanyia vile vile. Nilijificha kwenye suruali." Alisema akiitazama sakafu. "Niliogopa nikikwambia nenda, utadhani nakufukuza. Na nikikwambia kaa, utakaa. Hilo la pili ndilo lililokuwa kwenye ulimi."

Shangazi akavuta kigoda, akaketi karibu zaidi.

"Sasa wewe unataka nini?" fundi akauliza. "Sema kama unanunua vitunguu."

Ilikuwa saa tisa na nusu. Itifaki akapiga simu. Ikaita sana, kisha akapokea mama mmoja mwenye sauti ya haraka, sauti ya mtu mwenye foleni mlangoni. Itifaki akajitambulisha, akakohoa.

"Kwa heshima kubwa, ningependa kuanza kwa kutoa shukrani za dhati kwa uongozi wa chuo, na kueleza kwamba, kwa kuzingatia mazingira yaliyojitokeza..."

"Dada yangu," yule mama akamkata, "nina watu kumi na wanne hapa. Unakuja, huji?"

Itifaki akamtazama baba yake. Fundi alikuwa ameinamia gauni la shangazi, anajifanya anatafuta kasoro. Miaka tisa ya kuandika barua, na sasa alitakiwa neno moja tu.

"Nakuja," alisema. Halafu, kwa kuwa lilishatoka na dunia haikuanguka, akalisema tena kwa nguvu hata watu wa duka la jirani wakasikia. "Mimi nakuja!"

"Haya. Mwezi wa tisa tarehe tatu. Ubebe koti." Simu ikakatwa.

Shangazi akapiga kelele, akamkumbatia, akamwachia, akamkumbatia tena, akaanza kuhesabu kwa vidole nani na nani bado hawajaambiwa. Fundi alibaki kwenye kiti chake akitabasamu kama mtu anayepigwa picha.

"Umefanya vizuri," alisema. "Vizuri sana. Ndivyo inavyotakiwa, mtu aseme." Akapangusa miwani kwa shati. "Mwezi wa tisa huu huu?"

"Huu huu, baba."

"Aa. Sawa. Sawa kabisa."

Akavaa miwani, akaweka gauni chini ya sindano, akakanyaga cherehani. Alishona upindo wote kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila uzi. Shangazi aliona, Itifaki aliona, na hakuna aliyemwambia.