Randa ya Mzee Osea

Watu wa mtaa wa Chapwa walishahamia kwenye milango ya mashine, na seremala Barnaba akabaki peke yake na randa za mkono za kulainishia mbao. Alizikusanya zile za zamani, nyingine zikivushwa mpaka kutoka Nakonde, zimeota kutu, vanishi imebabuka, akazifanya upya. Kazi hiyo aliipenda kuliko chakula. Clement, jirani yake mwenye mashine ya umeme, hakuchoka kumtania.

"Fundi, leo tena unampaka poda bibi kizee?"

"Bibi huyu atakuzika," Barnaba alimjibu bila kuinua uso kwenye msasa.

Nesta alipoingia karakanani na kifurushi cha kanga, Barnaba aliijua randa kabla haijafunguliwa. Ilikuwa ya Mzee Osea, baba yake Nesta, aliyemfundisha Barnaba useremala. Mzee alikuwa amepofuka, na akili nayo ilikuwa ikimtoka kidogo kidogo. Nesta alishakitoa kisu cha randa, akamwachia aipakate. Akiwa nayo alitulia mchana kutwa, kidole gumba kikipapasa mpini. Asipokuwa nayo aliinuka kwenda kuitafuta, na nyumba yao iko kando ya barabara kuu, pale malori yanapojipanga kusubiri kuvuka mpaka.

"Kaka, kutu inachafua mashuka," Nesta alisema. "Nitolee kutu tu. Nimempa kipande cha mbao akishike, lakini hatadanganyika muda mrefu."

Barnaba aliitoa kutu kwa mafuta ya taa na msasa, chuma kikang'aa. Sasa mpini ndio ukamtia aibu: mweusi kwa jasho la miaka, vanishi imekwisha, na ubavuni una kibonde kilicholika. Angemrudishiaje mwalimu wake kitu kama hicho? Akaukwangua mpaka mbao ya mninga ikatoa wekundu wake. Kibonde akakiziba kwa gundi na vumbi la mbao, kama Mzee mwenyewe alivyomfundisha kuficha kasoro, akasugua hadi pasijulikane. Akapaka vanishi, ikakauka, akapaka tena. Hata Clement alikuja kuitazama, akakosa utani.

Yeye na Nesta walimkuta Mzee ameketi ukingoni mwa kitanda, kile kipande cha mbao kimetupwa sakafuni.

"Baba, randa yako hii." Barnaba alimwekea mapajani.

Mzee aliipapasa. Kidole gumba kiliteleza juu ya mpini, kikarudi, kikateleza tena.

"Nzuri," alisema kwa heshima. "Lakini ni ya mtu. Mrudishieni mwenyewe."

"Ni yako, baba," Nesta alisema.

"Mimi nisiijue yangu?"

Hapo Barnaba akaelewa kile kibonde kilikuwa cha nini. Alitoka nayo uani, akaichokoa gundi kwa ncha ya patasi, akalainisha kingo kwa msasa, akajaribu kwa kidole chake mwenyewe. Kidole chake hakikumwambia lolote. Aliirudisha ndani. Gumba la Mzee likazama kwenye kibonde, likasita. Likatoka.

"Ya mtu," Mzee alirudia. Akaiweka kitandani polepole, kama anayeogopa kuharibu mali ya wenyewe, kisha akasimama na kuanza kuufuata ukuta kwa viganja.

"Kaka, fanya kitu," Nesta alisema. "Wewe si fundi? Fanya chochote!"

Barnaba aliitazama mikono yake. Vumbi jekundu la mninga lilikuwa bado limejaa kwenye kucha. Mzee alipofika mlangoni, Barnaba alimshika kiwiko asije akajikwaa.

"Ahsante, kijana," Mzee alisema. Hakumtambua hata kwa sauti. "Kuna fundi wangu mmoja, Barnaba. Atakuwa ameichukua kuisafisha. Tumfuate."

"Anakaa wapi?" Barnaba aliuliza.

"Mbele huko."

Wakatoka wakaifuata barabara, Barnaba akitembea upande wa malori.